Tafuta mikanda kwanza, mashine baadaye: maswali ya watengeneza visu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya watu wanaotengeneza visu nyumbani baada ya kazi, na yote yanazunguka mashine moja: ile ya msasa wa mkanda, ambayo mota yake inakimbiza duara la msasa nawe unausogeza chuma hapo. Nimeyafupisha. Salamu nimezibakiza pale tu zilipohitaji kuitikiwa.

Shikamoo fundi. Nina laki tatu na natengeneza visu vya jikoni kwa kujifurahisha, viwili vitatu kwa mwezi. Ninunue mashine ipi? (Kizota, Dodoma)

Marahaba. Kabla ya kuulizia mashine, kaulizie mikanda. Zunguka maduka ya vifaa vya ujenzi na ya maseremala hapa mjini, kisha mpigie mtu wako wa Kariakoo. Muulize ana mikanda ya vipimo gani dukani leo. Akikujibu "tutakuletea", hesabu kwamba hana. Mashine yoyote ya mkanda unainunua mara moja, lakini mikanda utainunua maisha yako yote. Kipimo kisichopatikana kitakufanya ufunike mashine kwa gunia.

Mikanda hutajwa kwa upana na urefu wa duara lake. Mashine ndogo za mezani zilizo nafuu nyingi hutumia mkanda wa milimita 25 kwa 762, yaani inchi 1 kwa 30. Wanaotengeneza visu kama biashara, hasa Marekani, hutumia inchi 2 kwa 72, milimita 50 kwa 1,829. Hiyo ya pili ni tamu sana kufanyia kazi, ila kwa laki tatu iondoe kichwani.

Ya inchi 1 inatosha kisu cha jikoni, ukizijua tabia zake. Mota yake ni ndogo, kwa hiyo usiikandamize, itasimama. Mkanda ni mwembamba kuliko ubavu wa kisu, kwa hiyo ukisitasita utaacha mabonde. Nyuma ya mkanda kuna kibati cha kuegemezea ambacho kwenye mashine za bei ya chini huwa chepesi na kinajipinda. Hicho ndicho cha kukagua dukani. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikicheza, omba bei ipungue, kisha kachomelee kipande cha chuma bapa ya milimita 5 au 6. Ubavu wa kisu hautanyooka kuliko kile unachouegemezea.

Sasa neno ambalo wauzaji hawatakuambia. Kwa visu viwili vitatu kwa mwezi, huenda huhitaji mashine hii kabisa. Grinda ya mkononi ya kukatia umbo, tupa mbili nzuri (moja kali, moja laini), jiliwa (kibanio cha mezani) iliyofungwa imara na msasa wa karatasi vinatoa kisu safi. Unachopoteza ni muda tu. Ningekuwa wewe ningenunua hivyo kwanza, na fedha inayobaki ningeiweka hadi nijue kama hamu hii itavuka masika.

Nachoma nyama Mnada wa Msalato. Visu vinaisha makali kila saa. Mashine ya mkanda itanisaidia? (Msalato)

Hapana, itavila. Kisu kinachonolewa kwa mkanda unaokwenda kasi kila siku kinakonda upesi, na ncha ikipata moto inakuwa laini, kwa hiyo utanoa mara nyingi zaidi. Nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, loanisha, noa jioni ukiwa umetulia. Na ubao wa kukatia uwe wa mti. Wengi mnakatia juu ya bati au sahani ya udongo, kisha lawama anapewa kisu.

Nina mota ya pampu ya maji, hosipawa 1, pampu yenyewe imekufa. Naweza kujitengenezea mashine? Na nikiweka regyuleta ya feni, nitaweza kupunguza kasi? (Kongwa)

La kwanza ndiyo, la pili hapana.

Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, mota za pampu nyingi huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Zipo nyingine za karibu 1,400, na ukipata hiyo shukuru. Kasi ya mkanda unaipata kwa kuzidisha mizunguko hiyo na mzingo wa gurudumu linalouvuta. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 100 kwenye mota ya 2,850 linakimbiza mkanda karibu mita 895 kwa dakika, sawa na mita 15 kwa sekunde. Kwa fundi mzoefu ni kasi ya kawaida. Kwa anayeanza ni ya kuharibu kisu ndani ya pumzi moja. Weka gurudumu la milimita 50 kwenye mota hiyo hiyo na mkanda unashuka hadi mita 450 hivi kwa dakika. Umepunguza kasi kwa nusu bila kununua kifaa chochote, isipokuwa kumlipa mtu wa mashine ya kuchongea. Njia ya pili ni puli mbili na mkanda wa V, ndogo kwenye mota na kubwa kwenye shafti, kama zile za mashine za kukoboa.

Regyuleta ya feni iache kwenye feni. Mota zenye kapasita ya kuwashia nyingi zina swichi ndani inayokata waya wa kuwashia mota ikishapata kasi. Ukiipunguzia umeme kasi inashuka, swichi inarudi, ule waya unabaki na umeme muda wote na unaungua. Utanusa kabla hujaona moshi.

Ukitaka kasi ya kubadilika kwa kitufe, njia sahihi ni mota ndogo ya njia tatu (three phase) pamoja na inveta ya mota (si ile ya sola) inayoingiza umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, wa volti 230. Huhitaji kuomba njia tatu TANESCO. Kibati cha mota kiwe kimeandikwa 230/400, na fundi aunge kwa mtindo wa delta. Ni ghali kwa kuanzia, ila ndiyo hatua ambayo waliofika hawarudi nyuma.

Jambo la mwisho kwako: tazama kama mota imezibwa. Mota yenye matundu ubavuni inavuta vumbi la chuma, na vumbi la chuma linapitisha umeme. Iliyozibwa, yenye feni yake nyuma nje ya nyaya, ndiyo yako. Nayo iwekwe pembeni, mbali na cheche zinakoelekea, isiwe chini yake.

Nipo kwenye ile bei ya watumiaji wadogo wa umeme. Mashine hii itanitoa? (Mpwapwa)

Piga hesabu. Mota ya wati 750 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima inakula robo tatu ya uniti, na mara nyingi haifanyi kwa nguvu zote. Saa nne kwa wiki ni kama uniti 12 kwa mwezi. Kiwango chenu kinaishia uniti 75 kwa mwezi. Kama LUKU yako tayari inacheza kwenye 65 na kitu, jihadhari. Kama ni 40, endelea na kazi.

Nimekomaza kisu cha springi vizuri kabisa, tupa ilikuwa inateleza juu yake. Nilipokipeleka kwenye mkanda ncha ikageuka bluu. Nimeisugua bluu ikatoka. Kisu kimepona? (Kondoa)

Hakijapona. Rangi imetoka, ulaini umebaki. Chuma cha springi ukishakikomaza, yaani kukizamisha kwenye oili kikiwa chekundu kwa moto, unakirudisha kwenye joto la nyuzi 200 hivi ili kisiwe kama kioo. Kikifika hapo kinapata rangi ya nyasi kavu. Bluu ni karibu nyuzi 300, maana yake sehemu hiyo imevuka kipimo na kulainika. Una njia mbili: kula ncha hadi uipite sehemu iliyoungua, au kukirudisha motoni na kukikomaza upya.

Usirudie hivi. Kazi kubwa ya mkanda ifanye kabla ya kukomaza, chuma kikiwa bado laini, na uache makali yakiwa na unene wa kama milimita moja. Baada ya kukomaza bakiza kazi ndogo tu: mkono mtupu bila glavu, ndoo ya maji pembeni, pita mara moja, zamisha, pita, zamisha. Kidole kikishindwa kuvumilia, kisu nacho kimezidi. Na mkanda uliochoka utupe. Mkanda butu hausagi, unapasha moto tu. Nahisi kisu chako kiliungulia hapo, kwa sababu sisi wote tunajaribu kuumaliza mkanda hadi ubaki kitambaa.

Mimi ni seremala, nina mashine ya msasa ya mkononi ya mkanda wa milimita 75 kwa 533. Naweza kuigeuza juu chini na kuibana kwenye meza? Na naweza kukata msasa wa mita nikagundisha mkanda mwenyewe? (Nkuhungu, Dodoma)

Hili swali nimelifurahia, kwa sababu lina jibu la watu wa kwetu. Mikanda ya 75 kwa 533 ni ya maseremala, kwa hiyo kuipata ni rahisi kuliko ya inchi 72. Ibane kwa klempu mbili, tena imara, na makali ya kisu yaelekee mkanda unakokwenda, yasitazame unakotokea. Mkanda ukidaka makali, kisu kinaruka.

Lakini kwanza ondoa mfuko wa vumbi, na upulize tumbo lote la mashine. Cheche za chuma zikiingia kwenye vumbi la mninga zitafuka humo taratibu, wewe umeshakwenda kula, na karakana inawaka usiku. Mashine ikishaanza kazi ya chuma, bora ibaki ya chuma.

Mikanda yako ya mbao itafanya kazi, ila inakufa upesi. Msasa wa kawaida wa kahawia ni oksidi ya alumini, mzuri kwa mbao na kwa kumalizia. Kwa kuondoa chuma kingi tafuta wa zirkonia, mara nyingi ni wa bluu, au wa seramiki. Bei inauma, lakini mmoja unazika kadhaa ya kahawia. Namba zisikuchanganye: 60 ya kuumba, 120 ya kufuta mistari ya 60, 240 ya kulainisha, kisha malizia kwa mkono.

Kugundisha mwenyewe sikushauri. Kiungo cha dukani kimekatwa mshazari na kubanwa kwa utepe maalumu. Cha gundi ya haraka kinaachia mkanda ukiwa mbioni, na unakuja usoni. Hata ya dukani ikikaa miaka gundi ya kiungo inachoka, kwa hiyo usinunue katoni kwa sababu ya punguzo. Itundike kwenye kipande cha bomba nene, msumari unaikunja.

Nimepanga vyumba viwili, nataka kufanyia barazani. Mke wangu amekataa. (Chang'ombe, Dodoma)

Shemeji yuko sahihi. Vumbi la chuma na la msasa linaelea, na upepo wa Dodoma utalipeleka kwenye vyombo vyake na kwa jirani. La mpini ni baya zaidi. Mpingo na mninga vinawasha ngozi na vifua vya watu wengi. Tafuta uwazi nyuma ya nyumba, vaa barakoa ya N95 (ya kitambaa haitoshi) na miwani iliyofunga pembeni, weka ndoo ya maji pale cheche zinapoangukia. Nguo za kazi zisiingie chumbani alipo mtoto. Ukishindwa, ongea na mchomeleaji wa mtaani akukodishie kona.

Kaka yangu yuko Marekani, ananiambia atanitumia ile ya inchi 72. Niikubali? (Manyoni)

Muulize imeandikwa volti ngapi. Ya volti 110 ukiichomeka kwenye soketi yetu inaungua, na transfoma ya kuimudu mota ya hosipawa moja na nusu ni mzigo na gharama nyingine. Kama kweli anataka kukusaidia, mwambie asitume mota. Atume fremu, magurudumu matatu na mikanda ya seramiki ya namba 36 na 60. Mota ya njia tatu na inveta yake utavitafuta huku.