Ini limesinyaa, mbona anapewa dawa ya choo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46, ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Hospitali walisema ini limesinyaa kwa sababu ya homa ya ini B. Siku hizi mchana anasinzia, usiku macho makavu, na juzi aliniita kwa jina la dada yake. Wamempa laktulosi, ile sharubati ya kulainisha choo. Shida iko kichwani, mbona anatibiwa tumbo? Nimeisimamisha, na samaki nimemkataza.

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kuuguza. Tafadhali mrudishie sharubati leo hii, kisha mpeleke kliniki wamwone. Dawa ya kichwa chake ndiyo hiyo.

Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Bakteria wa utumbo mpana wanapovunja mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Ini lenye afya huinasa na kuigeuza yurea, tukaikojoa. Ini lililosinyaa kwa makovu, kama la mumeo, halimudu kazi hiyo, tena sehemu ya damu hulikwepa kabisa kwa kupitia mishipa ya pembeni. Basi amonia inapanda hadi kichwani, na usiku kugeuka mchana ni dalili yake ya mapema. Laktulosi haifyonzwi mwilini. Bakteria huichachusha, utumbo ukawa na tindikali, amonia ikanaswa humo na kutoka na choo. Tunataka choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Akiharisha maji matupu, waambie kliniki wapunguze dozi, maana kukaukiwa maji nako kunamchanganya akili.

Samaki mrudishie pia. Kosa hili nimeliona kwa familia nyingi zenye upendo, na linaniuma. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa akinyimwa dagaa, maharage na mayai misuli inakwisha. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na ale kitu kabla ya kulala. Kama miguu imevimba, cha kubana ni chumvi: dagaa wawe wa kuanikwa juani tu, chumvi ya Uvinza ikae mbali na sufuria yake. Dawa za usingizi na diklofenaki, ile ya maumivu, asiguse.

Wewe na watoto mkapimwe homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, homa, au akawa haamshiki, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kila asubuhi mwambie anyooshe mikono, viganja vikitazama mbele kama anayesimamisha bajaji. Viganja vikidondoka na kuinuka kama bawa la ndege, amonia imepanda. Kisha atie sahihi yake kwenye daftari. Siku herufi zikianza kupinda kuliko za jana, mlete na daftari lenyewe.