Ile Herufi L Kwenye Majibu Yangu ya Damu

Nilikwenda kupima afya kwa ajili ya kazi mpya. Nikatolewa damu kwenye kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau, nikasubiri, nikapewa karatasi. Mstari wa juu kabisa: WBC, yaani chembe nyeupe za damu, 3.1, pembeni herufi L, maana yake ziko chini. Kiwango kilichochapishwa, 4.0 hadi 11.0. Niliisoma ile karatasi kwenye daladala mpaka ikalowa jasho.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kile kipimo kingine umepima?" Nilishapima, niko salama, lakini usingizi ulikata. Asubuhi nikanunua vidonge vya "kuongeza damu" duka la dawa. Hela za bure: madini ya chuma humfaa aliyepungukiwa chembe nyekundu, nyeupe ni habari nyingine.

Daktari hakushtuka. Aliuliza tu, "Una majibu ya zamani?" Nikapekua bahasha nyumbani: 3.3 ya mwaka 2017, 3.0 ya 2021. "Basi wewe ndivyo ulivyo," akasema. Wengi wetu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hatuna alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Kuikosa kunatukinga na malaria ya vivax, na papo hapo neutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, zinazoonekana kwenye damu huwa chache, bila kinga kupungua. Viwango vingi vya kwenye mashine vilitokana na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Mbona hili halisemwi dirishani unapopewa majibu?

Kitu kingine kilichonitisha: limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, asilimia 55, zimewekewa H, yaani ziko juu. Daktari akapiga hesabu pembeni ya karatasi: asilimia 55 ya 3.1 ni 1.7, kawaida kabisa. Zilionekana nyingi kwa sababu neutrofili ni chache. Tangu hapo asilimia siziamini mpaka nizidishe na jumla.

Jumla yenyewe ya chembe nyeupe hupanda na kushuka. Mdogo wangu akiwa mjamzito alikuwa na 12.6 na haumwi popote, mimba hupandisha. Dawa ya prednisolone nayo hupandisha, na sigara, na mazoezi makali ya muda mfupi uliopita. Homa nyingi za virusi hushusha, taifodi pia, ingawa yenyewe ni bakteria. Mtoto mwenye eosinofili nyingi, nazo ni aina ya chembe nyeupe, fikiria minyoo, kichocho, pumu au mzio kabla hujafikiria makubwa. Kwa hiyo usikubali antibaiotiki kwa sababu ya H peke yake. Mwambie daktari unachoumwa na dawa unazotumia.

Ila kuna watu sitawaambia watulie. Anayetibiwa saratani kwa dripu za kemotherapi, au anayemeza carbimazole kwa ajili ya tezi la shingo, akipata homa ya 38 au koo kuuma ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo. Na aliyezoea 7 akakutwa na 2.5, au himoglobini na chembe sahani (zile za kugandisha damu) zimeshuka pamoja na nyeupe, arudie kipimo na achunguzwe.

Siku hizi kila majibu nayapiga picha. Mwezi uliopita kijana wa maabara aliniita pembeni, uso umemsawijika: "Dada, seli zako nyeupe ziko chini." Nikatoa simu nikamwonyesha miaka yote. Akacheka, akaniomba nimtumie.