Maji chuja palepale mtoni, usisubiri ufike mjini

Wadogo zangu mnaokuja huku kusini kupima kaboni ogani iliyoyeyuka kwenye maji, yaani ile inayotokana na mimea na viumbe, naombeni mnisikilize kwa hili: chujeni palepale mlipochota. Mimi msimu wa kwanza nilichota Lukuledi, kule chini karibu na Mingoyo, mwezi wa pili mto umejaa, maji ya pembeni kwenye mikoko mekundu kama chai ya rangi, nikajaza kwenye chupa za plastiki nikatupia kwenye buti nikaendelea na safari, kuja kuchuja ni kesho yake jioni niko gesti Mtwara mjini. Kwenye maji ya nyuzi 30 bakteria wanakula usiku kucha, na chakula chao ndo hichohicho ulichokuja kupima. Safari nzima ikapotea, na mafuta ya gari nilikuwa nimekopa. Iliniuma sana.

Siku hizi natembea na bomba la sindano kubwa na filta za nyuzi za kioo za mikroni 0.7, nazichoma kwanza tanurini nyuzi 450 masaa manne, na vichupa vya kioo hivyohivyo. Matone ya mwanzo namwaga, yanayofuata naweka kwenye kichupa, nadondoshea asidi ya haidrokloriki mpaka pH 2, halafu kwenye deli la barafu. Barafu nenda feri utapata.

Hiyo asidi usiichukulie poa, inawazima bakteria na pia inageuza ile kaboni isiyo ogani, kama bikaboneti, iwe gesi, maabara wakipuliza hewa safi ndani inatoka. Bahari ya wazi ina kama miligramu 24 za kaboni isiyo ogani kwa lita, na ogani unayoitafuta haifiki hata 1, sasa ukiacha ile ya kwanza ndani utakuwa umepima nini?

Ndo maana uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu. Sanitaiza, spiriti, mafuta ya kujipaka, moshi wa injini, vyote ni kaboni. Mkiwa kwenye boti mwombe nahodha azime, chota upande upepo unakotokea, vaa glavu.

Halafu beba maji safi ya maabara, uyachuje hapohapo ufukweni kwa bomba lilelile kama vile ni sampuli, uone mikono yako inaongeza kiasi gani. Mimi nafanya mara tatu kwa siku, na ya tatu naiacha mwisho kabisa, jua limeshanichosha na mikono inaanza kukosea.