Kama Yesu alishajitoa, sadaka zetu ni za nini? (Jibu langu kwa mleta mada)

Mleta mada umeuliza mawili: kama Kristo alijitoa mara moja, hizi sadaka za kila Jumapili ni za kazi gani, na je, mtu aliyekuja mikono mitupu ibada yake inapokelewa? Naona wengi wamekubandikia Malaki 3:10, ule mstari wa kuleta zaka kamili ghalani, wakaondoka. Mimi nianze na jogoo.

Nimelelewa Kilutheri, Kilimanjaro. Kwetu ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada: mikungu ya ndizi, kuku, mayai, chochote kilicholetwa na asiye na fedha taslimu kinanadiwa pale pale, hela inaingia kwenye sadaka. Jumapili moja ya mavuno nilikuwa nimetoka Dar, shati jipya, na nikaanza kupandishiana dau la jogoo na jamaa mmoja. Sokoni asingezidi elfu ishirini na tano. Nilimchukua kwa elfu themanini. Makofi yakapigwa, mzee wa kanisa akalitaja jina langu mara mbili. Mama alikuwa amesimama pembeni. Dawa zake za presha zilikuwa zimekwisha wiki mbili nyuma na hela niliyomwahidi sikuwa nimetuma. Hakusema neno. Jioni alimchinja yule jogoo, akaniwekea firigisi.

Miezi michache baadaye nikakutana na Marko 7. Yesu anawasema watu wanaomwambia baba au mama kwamba kile ambacho ungesaidiwa nacho ni Korbani, yaani wakfu, kimeshatolewa kwa Mungu. Nilijua ananisema mimi. Na neno lenyewe lina uchungu wake: korbani kwa Kiebrania linatokana na kukaribia. Sadaka ni kitu cha kumkaribia Mungu, nami nilikuwa nimeitumia kumkwepa mama.

Hapo ndipo nikarudi Walawi, kitabu tunachokiruka wote. Sura saba za kwanza zina sadaka za aina tano, na siyo zote ni za kufuta dhambi kama wengi tunavyodhani. Ya kuteketezwa iliungua nzima, kuhani akabaki na ngozi tu. Ya unga ilikuwa ya mazao. Ya amani, mafuta yaliteketezwa, kuhani akapata kidari na paja, nyama iliyobaki mtoaji akala na watu wake. Karamu kabisa! Kisha ya dhambi, na ya hatia. Hii ya hatia ndiyo iliyonikamata. Aliyemdhulumu jirani yake, au aliyekana amana aliyowekewa, anarudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe mkononi, halafu ndipo analeta kondoo dume kwa kuhani. Kwa hiyo Yesu anaposema katika Mathayo 5 uiache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, wasikilizaji wake hawakuwa wageni wa jambo hilo.

Sasa swali lako la kwanza. Waebrania 10 inasema tumetakaswa kwa kutolewa mwili wa Yesu Kristo mara moja tu. Upande wa upatanisho hakuna cha kuongeza, iwe bahasha, iwe ng'ombe. Ndiyo maana hii habari ya "panda mbegu upate muujiza wako" mimi inanikera: inamrudisha mtu kununua kilichokwisha kulipiwa. Lakini waraka huo huo, sura ya 13, unataja dhabihu zilizobaki: sifa za midomo, kutenda mema na kushirikiana. Ni shukrani, na shukrani hailipwi kwa deni la mtu mwingine.

La pili: soma Walawi 5. Asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hao, sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili hivi, na anasamehewa sawasawa na mwenye kondoo. Yusufu na Mariamu wenyewe, kwa Luka 2, walikuja na sadaka ya ndege, ile waliyoruhusiwa wasiomudu mwana-kondoo. Na yule mjane aliyetoa senti mbili, vyote alivyokuwa navyo, tunayemtumia kuchangisha, hebu anzia mstari wa 40 wa Marko 12, kabla hajatokea. Yesu ametoka tu kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Wahubiri huwa hawaanzii hapo.

Mimi bado natoa, na mnadani bado nanunua. Ila mwisho wa mwezi hela ya dawa inatangulia, kisha bahasha. Mwaka jana nilimpata jogoo kwa elfu thelathini bila makofi yoyote. Mama aliuliza kwa nini safari hii amekuwa rahisi hivi. Nikamwambia wenzangu walichoka mapema. Akacheka, akaenda kuchemsha maji ya kumnyonyolea.