Mlinzi alinitoa, mtandao ukanifutia: je, haki yangu imevunjwa?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Naishi California, Marekani. Jumamosi nilikuwa nakusanya saini za kupinga mswada ndani ya jumba la maduka, mlinzi akanitoa. Jioni nikaandika yaliyonikuta kwenye mtandao wa kijamii, chapisho likafutwa. Katiba si inalinda uhuru wa kujieleza?

JIBU: Inaulinda dhidi ya serikali. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru huo, hayamgusi mwenye jengo wala kampuni ya mtandao, kwa hiyo swali la kwanza huwa ni moja: aliyekuzuia ni nani?

Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Grace Marsh, Shahidi wa Yehova aliyekamatwa akigawa vijitabu kando ya barabara, karibu na posta ya Chickasaw, Alabama. Mji mzima ulikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli: nyumba, barabara, hata mitaro ya maji taka. Mahakama ikasema anayeendesha mji hawezi kuzima sauti za watu kwa kisingizio cha umiliki. Wengi wakatumaini majumba ya maduka nayo yangebanwa hivyo hivyo, lakini mwaka 1976, katika kesi ya Hudgens, mlango huo ulifungwa.

Wewe, hata hivyo, uko California, na hapo mambo yanabadilika. Wanafunzi wa sekondari waliweka meza ndogo kwenye ua wa jumba la PruneYard, mjini Campbell, wakikusanya saini kama wewe, nao wakatolewa. Mahakama ya juu ya jimbo ikawapa haki kwa katiba ya California yenyewe, na mwaka 1980 ile ya taifa ikakubali kwamba jimbo linaweza kutoa haki pana zaidi. Mwenye jumba bado anaruhusiwa kupanga saa na mahali, ila kwa masharti ya haki. Tena haki hiyo ni ya maeneo ya pamoja, ambako watu huketi na kupumzika. Ukisimama mlangoni pa duka moja hoja yako inadhoofika sana. Ulisimama wapi hasa? Omba kanuni zao kwa maandishi. Na mlinzi akikuambia utoke, toka, uandike saa na maneno yake. Ukigoma, wewe ndiye unaweza kugeuka mshtakiwa.

Kuhusu chapisho, sina habari njema. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia California iliamua kwamba YouTube, pamoja na ukubwa wake, ni kampuni binafsi. Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996 nacho kinazikinga kampuni hizi zinapofuta maudhui. Kilichobaki ni rufaa ya ndani ya mtandao wenyewe, itumie mapema.

Ingekuwa tofauti kama aliyefuta maneno yako ni ofisa wa umma kwenye ukurasa anaotumia kwa mamlaka ya kazi yake. Hapo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lindke, mwaka 2024, ningekuuliza kwanza: sheria ilimpa ofisa huyo mamlaka ya kuisemea serikali juu ya jambo hilo, na ndiyo aliyokuwa akiyatumia alipoandika?