Mgeni anasikia sauti yake inamrudia, tunakosea wapi?

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni dizaina, timu yetu inatengeneza jukwaa la mtandaoni ili waandishi wa habari walioko mbali wawahoji wachezaji na wasanii wakiwa bado eneo la tukio, laivu. Tumekazana na picha ya HD, lakini kwenye majaribio mgeni akawa anasikia sauti yake mwenyewe inamrudia kwa kuchelewa, anaongea kwa kusitasita kama kasahau jina lake. Tufanyeje?

JIBU: Karibu kila mtu anaanzia kwenye picha, usijali. Ila picha ikiwa na ukungu watu watavumilia, sauti ikiharibika hamna mahojiano tena. Kinachomrudia mgeni sikioni kiwe mchanganyiko wa sauti zote kasoro ya kwake, mafundi wa redio wanaita miksi-mainasi, na kila mgeni anatengenezewa ya kwake, yaani wageni watatu miksi tatu. Halafu avae hedifoni, maana spika ya wazi katikati ya kelele za mashabiki ni kujitafutia balaa tu.

Kuhusu kuchelewa, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, wanashauri sauti ifike upande wa pili chini ya milisekunde 150 na isivuke 400, maana ikichelewa sana watu wanakatishana maneno. Kwa hiyo maongezi yapitisheni kwenye WebRTC, teknolojia ya kuongea kwa sauti na picha papo hapo, inafanya kazi ndani ya brauza na mwandishi hapakui kitu, ile mifumo ya kurushia watazamaji inachelewa sekunde kadhaa, waachieni watazamaji wenyewe.

Na mlijaribu ukumbi ukiwa mtupu, sio? Hapo mtandao unakudanganya, siku yenyewe maelfu ya simu zinagombania hewa hiyohiyo na waifai inakufa mchezaji ndo anakaa kwenye kiti. Vuteni kebo, na laini ya akiba iwe ya kampuni nyingine.

Foleni ya waandishi msiiachie mashine peke yake. Kila mmoja aone yuko wa ngapi na dakika zake zimebaki ngapi, lakini kitufe cha kumwingiza na kumtoa akishike mtu. Chumba cha kusubiri kifungwe sauti kabisa na taa nyekundu iwake maiki ikiwa hewani, kwa sababu mwandishi anayesubiri huwa anamsema mgeni, na mgeni akisikia anaondoka na hedifoni yenu.