Lori la Ubaridi Likisimama, Kazi Haisimami

Swali la wiki hii liliwataka wasomaji waeleze ni sehemu gani ya kazi yao ambayo anayenufaika nayo haioni. Mimi ni dereva wa lori linalovuta makontena ya ubaridi, na mzigo wangu mkubwa ni maparachichi ya Njombe yanayokwenda kupakiwa melini, mara Dar es Salaam, mara Mombasa. Jibu langu ni kusubiri. Watu wakimfikiria dereva wa masafa marefu humwona akiwa nyuma ya usukani, akiteremka mlima Kitonga kwa gia nzito au akipita katikati ya hifadhi ya Mikumi, ambako kumgonga mnyama ni faini. Sehemu hizo zinataka umakini, sikatai, lakini aliyeizoea njia anajua zinapoanzia na zinapoishia. Kinachotumaliza sisi wa ubaridi ni zile saa ambazo gari limesimama na hakuna ajuaye litaondoka lini.

Dereva aliyebeba saruji au mabati akikuta foleni huzima injini, akanyoosha mgongo, akatafuta chai. Maparachichi ya aina ya Hass hayampi dereva nafasi hiyo. Yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi za Selsiasi tangu yanapotoka kwenye chumba cha ubaridi cha mfungashaji hadi yanapomfikia mnunuzi Ulaya. Yakipata joto huanza kuiva, na tunda lililoanza kuiva halirudi nyuma hata ukilitia kwenye baridi ya namna gani. Yakizidishiwa baridi, nyama yake hugeuka ya kijivu na mnunuzi huigundua siku anapolikata. Kwa hiyo jenereta inayoendesha mtambo wa ubaridi lazima iungurume muda wote, tuwe tunatembea au tumesimama, ikila lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa kulingana na joto la nje. Maegesho tunayolala njiani hayana soketi za umeme wa fezi tatu ambazo kontena linahitaji, kwa hiyo hadi tufike bandarini tegemeo letu ni jenereta hiyo na dizeli iliyomo kwenye tangi lake.

Usiku wa dereva wa ubaridi kwa sababu hiyo si usiku wa kulala. Tunalala ndani ya kabini huku jenereta ikinguruma, na mwili huizoea sauti hiyo kiasi kwamba kinachotuamsha ni ukimya. Jenereta ikinyamaza saa nane za usiku, unashuka na tochi, unatazama kwanza kiwango cha mafuta, maana wezi wa dizeli wanajua kabisa kwamba gari letu hubeba matangi mawili yaliyojaa. Kisha unatazama kioo cha mtambo kuona namba ya hitilafu. Mara nyingi ni vumbi lililoziba kondensa, sehemu ya mtambo inayotoa joto nje, baada ya kupita kwenye barabara inayojengwa, na hapo unatafuta maji na brashi. Mara nyingine joto la hewa limepanda kwa muda tu kwa sababu mtambo unayeyusha barafu iliyoganda kwenye koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, na dereva mgeni anaweza kuhangaika bure akibonyeza vitufe ambavyo hakupaswa kuvigusa. Mambo haya wengi wetu tumefundishwa na wenzetu barabarani. Darasani hatukuyakuta, na leseni haiyaulizi.

Kuna kusubiri kwingine kunakofanyika kabla safari haijaanza, nako ndiko kunakoniuma zaidi. Kontena la ubaridi limetengenezwa kwa ajili ya kutunza baridi ambayo tunda tayari linayo. Halina nguvu ya kupoza haraka tani zaidi ya 20 za matunda yaliyotoka shambani na jua. Niliwahi kupakiwa mzigo mahali ambapo umeme ulikuwa umekatika na chumba cha ubaridi kilikuwa hakijafanya kazi yake. Nilishika katoni za mwanzo, zilikuwa na uvuguvugu. Nikaomba tunda lichomwe kipimajoto mbele yangu, nikaambiwa kwamba meli haisubiri na kwamba kazi yangu ni kuendesha. Milango ikafungwa, lakiri ikapigwa. Njia nzima mtambo ulionyesha hewa inayoingia kwenye mzigo ikiwa nyuzi 5 na inayorudi ikiwa nyuzi 14, jambo lenye maana moja tu, kwamba mzigo wenyewe ulikuwa na joto. Nilipiga picha ya kioo kile kila niliposimama. Bandarini matunda yalikutwa yamelainika, na hasara ilianza kukatwa kwenye malipo yangu hadi picha zile zilipokubaliwa kutazamwa.

Nakiri kwamba wapo wenzetu wanaozima jenereta usiku ili wauze dizeli, na kifaa cha kurekodi joto kinachowekwa katikati ya katoni huwaumbua. Hao wawajibishwe. Lakini kifaa hichohicho kinaweza kuonyesha pia kwamba mzigo uliingia na joto, na ni haki kisomwe kuanzia mstari wake wa kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki, na mapumziko ya kila siku ya saa 12 mfululizo ambayo yanaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi. Sisi tulio wengi hulipwa posho kwa safari. Safari ikimalizika kwa siku mbili au kwa siku sita, posho ni ileile, na saa za kukaa macho kulinda baridi mpakani Horohoro au nje ya geti la bandari haziandikwi popote. Chakula tunakula kwa mama lishe ambaye kutoka kwenye benchi lake unaweza kuliona gari, hata kama wa upande wa pili anapika vizuri zaidi. Shinikizo la damu na maumivu ya mgongo vimekuwa mazungumzo ya kawaida miongoni mwa madereva ambao hata miaka 45 hawajafika.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, tunda limeongezewa wiki nzima na zaidi baharini. Maana yake ni kwamba saa sita zinazopotea nchi kavu leo zina madhara makubwa kuliko zilivyokuwa zamani. Hata hivyo, kwenye mizani za Makambako, Wenda, Mikumi, Mikese na Vigwaza tunapanga foleni moja na kila mtu, ingawa gari letu likiwa limejaa kwa kawaida halikaribii kikomo cha tani 56 kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Sisemi tusipimwe. Nasema lori lenye mali inayoharibika lipewe njia yake, kama gari la wagonjwa linavyopishwa, na kwenye maegesho makubwa ziwekwe soketi za umeme, hata kwa kulipia.

Ombi langu jingine halihitaji bajeti ya serikali. Karatasi ya mzigo iongezwe nafasi mbili: ya joto la tunda lilivyopimwa wakati wa kupakia, ikiwa na saini ya mfungashaji na ya dereva, na ya saa ambazo gari lilisimama na sababu yake, ili saa hizo zilipwe. Ninakofanya kazi sasa nafasi ya kwanza imekwisha kuongezwa, na ugomvi wa bandarini umepungua sana. Ya pili bado tunaidai.